Msumari wa Endel

Tarehe mbili Januari, kabla ya saa tatu,
Leelo hakupita mlango wa nyuma.
Miaka kumi na tisa amepita huko:
ufunguo mdogo, ukumbi mfupi, na tayari yuko ndani,
mkutubi, mwenye kaunta na muhuri.
Leo alizunguka. Akaikanyaga theluji ya Võru
mpaka mbele, akasimama kama mtu aliyekuja kuazima.

Akausukuma mlango. Ukagoma.
Akausukuma kwa bega, kwa nyonga, mkoba ukamponyoka,
ndipo ukafunguka kwa mguno
wa ng'ombe aliyeamshwa usiku.
Hivi ndivyo wanavyoingia?

Kitanda usichokilalia, kunguni wake huwajui.
Leelo akaamua kulalia vyote.

Alikaa kiti cha Hilja, pale dirishani.
Balbu ikamchoma jichoni, ukurasa ukawa weupe mtupu.
Kumbe yule mama hakuwa akisinzia.
Alikuwa akifumba macho, akisubiri wingu.

Akapiga magoti mbele ya hadithi za watoto,
kwenye kimo cha Mirtel wa darasa la kwanza,
akaona matumbo ya rafu, vumbi, chingamu ya kale,
na vitabu vyote vizuri viko juu
kama matofaa ya jirani, ng'ambo ya ua.

Akarudi nyuma hatua nne asome lebo.
Herufi zilikuwa chawa.
Na aliziandika mwenyewe, kwa wino,
enzi alipokuwa na macho ya miaka thelathini.

Kisha akahesabu vibao.
KIMYA. USILE. USIKUNJE. RUDISHA KWA WAKATI.
Kumi na sita!
Kila kimoja alikitundika siku aliyomkasirikia mtu mmoja,
na kila kimoja kimewakaripia wote waliokuja baada yake.
Wala hakuna kilichosema choo kiko wapi.

Siku nne maktaba ikafungwa. Mji ukanong'ona:
labda panya, labda bomba limepasuka kwa baridi.
Ndani, Leelo na bisibisi,
Leelo na kopo la grisi la fundi matrekta
(yeye, bingwa wa kudai madeni,
safari hii akaweka sahihi daftarini mwa mwingine),
akishusha, akipandisha, akiziba, akipaka rangi,
akiongea peke yake kama chungu jikoni.

Siku ya tano, wa kwanza, kama kawaida,
Endel Kuusik.
Akaja na bega lake la miaka yote,
akaupiga mlango kwa nguvu alizouzoeza,
na mlango, uliolainika kama siagi,
ukampisha.
Akaingia mbio. Akaikumbatia kaunta.

Hakucheka. Akageuka polepole,
akautazama mwanga, lebo zenye herufi kama maharage,
kigoda cha Mirtel.
"Nani amekufa?" akauliza.

Kisha akavua kofia, akainyoosha ukutani, kushoto,
na mkono ukabaki hewani.
Pale palikuwa na KIMYA.
Juu ya KIMYA palikuwa na msumari,
na miaka yote hiyo, asubuhi zote hizo,
kofia ya Endel ililala juu ya amri ya Leelo
naye Leelo, akiupa ukuta mgongo, hakujua.

"Msumari wangu," akasema mzee. Basi.

Leelo akapatazama: tundu limezibwa, rangi haijakauka.
Pale ndipo alipopaonea fahari kuliko kwingine kote.
Akaenda kuchukua nyundo.
"Nionyeshe wapi."
"Shusha kidogo," akasema Endel. "Shusha tena.
Siku hizi mkono haupandi."

Msumari ukaingia. Kofia ikatundikwa,
theluji ikaanza kuyeyuka, tone, tone,
juu ya sakafu iliyopigwa deki jana usiku.
Leelo akayaona maji. Vidole vyake
vikaanza kutafuta kalamu na kipande cha kibao.

Akavirudisha mfukoni.
Akaenda kuleta tambara.